Majina Tuliyoupa Ugonjwa

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A



Wapendwa wasikilizaji, taifa la Mungu mlioko majumbani na vigangoni, Injili ya Dominika hii ni ndefu. Ni sura nzima ya tisa ya Mwinjili Yohane, na mahali pengi husomwa kwa kifupi ili watu wasichoke. Tunawaomba makatekista wetu wasiifupishe, kwa kuwa mambo tutakayoyasema leo yamo hasa katika zile aya ambazo kwa kawaida huachwa.

Bwana wetu anapita njiani pamoja na wanafunzi wake, nao wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawamsalimu wala hawamuulizi jina lake. Wanamgeukia Mwalimu na kutaka kujua dhambi ni ya nani, ya mtu huyu au ya wazazi wake. Wanaliuliza swali hilo mbele yake, juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo. Alikuwa kipofu, lakini hakuwa kiziwi.

Swali kama hilo liliwahi kuulizwa katika mkoa wetu wa Kagera, tena kwa miaka mingi, juu ya ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina. Tunapenda leo tuikumbuke historia hiyo, hasa kama ilivyotufikia sisi wa Karagwe na Kyerwa. Vijana waliozaliwa baada ya dawa kupatikana hawaijui, na wazee walioiona kwa macho yao hawapendi kuisimulia.

Katika miaka tunayoizungumzia, Kyerwa haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipopewa utawala wake. Nchi yote hiyo imezungukwa na Mto Kagera, ng'ambo ya magharibi ikiwa Rwanda na ng'ambo ya kaskazini ikiwa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya mkoa iliyo kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilipokwisha mwaka 1979, amani ilirudi lakini maduka yalikuwa matupu. Wasikilizaji wenye umri wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na nguo. Basi watu wakavuka mpaka usiku, wakapeleka kahawa na kurudi na bidhaa. Biashara hiyo tuliiita magendo, na wakati ule ndiyo iliyozivalisha familia nyingi.

Miongoni mwa bidhaa zilizoingia kwa njia hiyo kilikuwapo kitambaa kilichopendwa sana na vijana, kikiitwa Juliana. Katika miaka ya mwanzo ya themanini, baadhi ya vijana waliofanya biashara ile, na wasichana waliopewa vitambaa vile, walianza kukonda, kuharisha na kutokwa na vidonda visivyopona. Wakafa mmoja baada ya mwingine. Watu walitazama kile walichoweza kukiona, yaani nguo, nao wakauita ugonjwa kwa jina la nguo. Ukawa ugonjwa wa Juliana.

Jina hilo linastahili tulitafakari kidogo. Lilikuwa jina la mwanamke, ingawa waliokufa walikuwa wanaume na wanawake. Lilikuwa jina la kitu kilichotoka nje, kana kwamba ugonjwa unaweza kurudishwa ulikotoka kama nguo isiyotutosha. Tena lilikuwa jina la watu wa namna fulani, wapenda fedha na wapenda mapambo, hivi kwamba mkulima aliyeshinda katika kibanja chake aliweza kusema, "Mimi sikuvaa Juliana, hainihusu." Kumbe mke wake au mume wake alikuwa tayari ameambukizwa.

Ng'ambo ya mpaka wenzetu nao walikuwa na jina lao. Wauganda waliuita Slim, kwa sababu ya kukonda, na neno hilo likaingia katika lugha zao likawa siliimu. Huko katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, wapo waliosadiki kwamba wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao wamewatupia uchawi. Huku kwetu wapo waliosema kwamba uchawi umetoka Uganda. Kwa hiyo, wapendwa, maji yaleyale ya Kagera yalipita katikati ya majirani wawili, na kila mmoja akamnyoshea mwenzake kidole, na wote wawili walikuwa wakizika.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu waliolazwa katika hospitali ya Ndolage, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, walitambuliwa kuwa na ugonjwa uleule ambao madaktari wa Marekani walikuwa wameuelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Hao ndio wa kwanza kutambuliwa katika Tanzania nzima. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa za wagonjwa. Wataalamu wakaunda neno la Kiswahili, Upungufu wa Kinga Mwilini, nasi tukapata jina UKIMWI. Lilikuwa jina zuri kwa maana moja: halikumtaja mtu, wala kabila, wala nchi, wala nguo. Lilieleza tu kinachotokea mwilini.

Lakini midomo yetu haikulipenda. Vijana wa mijini wakasema mwenzao amekanyaga miwaya, au amenasa umeme, au anacheza ngoma. Katika mazishi tulisikia kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, au kwamba alisumbuliwa na kifua, au na malaria. Hatusemi kwamba kila aliyenena hivyo alidanganya, kwani wengi kweli walikufa kwa kifua kikuu kilichoupata mwili usio na kinga. Tunasema tu kwamba lipo neno moja ambalo kila aliyesimama kando ya kaburi alilijua na hakuna aliyelitamka. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu ilifika hatua hata kilio chenyewe kikaficha.

Turudi katika Injili. Mafarisayo wanawaita wazazi wa yule aliyefunguliwa macho na kuwauliza imekuwaje mwana wao sasa anaona. Wazazi wanakiri kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa kipofu. Yanayofuata wanayakwepa: ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Mwinjili anatueleza sababu bila kuficha. Waliogopa kufukuzwa katika sinagogi. Hiyo ni mojawapo ya zile aya zinazoachwa, nasi tunadhani ndiyo inayofanana zaidi na nyumba zetu za miaka ile. Baba na mama walimpenda mtoto wao, walimwosha, walimlisha uji kwa kijiko, lakini jirani alipouliza ana nini walijibu, "Aulizwe daktari." Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kwamba binti zao waliobaki hawataposwa, kwamba ndizi zao hazitanunuliwa, na kwamba watu watapungua siku ya kuchimba kaburi.

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima katika sehemu mbalimbali za mkoa wetu. Katika mji wa Bukoba waliwakuta na virusi watu 24.2 katika kila mia. Bukoba Vijijini na Muleba walikuwa 10 katika mia. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kyerwa, walikuwa 4.5. Ngara na Biharamulo hawakufikia hata mmoja katika mia.

Kwa hiyo Karagwe ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zenye nafuu. Ni nafuu gani hiyo? Katika kila watu wazima 22, karibu mmoja alikuwa na virusi, na kwa wakati huo hapakuwa na dawa ya kuvizuia. Mkiwa 44 katika misa ya kigangoni, wawili wenu. Zaidi ya hayo, takwimu ziliwahesabu waliokuwa wakiishi hapa. Hazikuwahesabu wana wetu waliokuwa Bukoba, Mwanza, Kampala au Dar es Salaam. Hao walirudi baadaye, wengine wakiletwa na ndugu, wengine wakiwa ndani ya sanduku, kwa sababu kwetu mtu huzikwa nyumbani katika kibanja cha baba zake. Migomba imekua juu ya historia hiyo.

Sasa tuseme juu ya maneno ya kidini, maana hili ni juzuu la mahubiri na si haki kuwalaumu vijana wa mitaani peke yao. Yalikuwapo mahubiri, katika madhehebu karibu yote, yaliyosema kwamba ugonjwa huu ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi. Waliohubiri hivyo wengi walikuwa na nia njema ya kuwatisha vijana ili wapone. Lakini tazameni waliosikia. Mjane aliyeambukizwa na mume wake, mwaminifu tangu siku ya ndoa yake, aliketi katika benchi la kanisa akisikia kwamba anaadhibiwa. Mtoto mchanga aliyezaliwa na virusi aliletwa ubatizoni. Tungemwambia alizini lini? Hapo ndipo swali la wanafunzi linapovunjika, na Bwana wetu alilivunja kwa jibu fupi: si mtu huyu aliyekosa wala wazazi wake. Kisha akafinyanga tope, akamgusa.

Rafiki za Ayubu nao ni wa kukumbukwa. Katika sura ya pili tunasoma kwamba walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wafafanuzi wengi huharakisha kuyafikia maneno yao. Sisi tunafikiri zile siku saba ndizo zilikuwa huduma yao bora kuliko zote. Walipoanza kumweleza kwa nini anateseka ndipo walipoharibu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, si Ayubu aliyelalamika.

Yapo pia maneno yaliyoponya, na mengine yalitoka kwa majirani zetu. Mwaka 1989 mwimbaji wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Watu wengi hawakumsadiki, wakadhani anatafuta fedha. Alizunguka katika shule na makanisa akiwa amekwisha dhoofika, akafariki Desemba mwaka uleule. Mwaka 1992 padre wa Kanisa la Anglikana nchini humo, Gideon Byamugisha, alijitokeza akasema kwamba anaishi na virusi. Anatajwa kuwa kiongozi wa dini wa kwanza katika Afrika kusema hivyo waziwazi. Kinyambo chetu na Kinyankole cha ng'ambo ni lugha zinazosikilizana, na habari haihitaji pasi ya kusafiria. Ni rahisi leo kusoma mambo hayo kwa haraka. Fikirini lakini padre anayevaa mavazi ya ibada na kusimama mbele ya watu ambao wanajua, na ambao kesho watapaswa kuamua kama watapokea ushirika mkononi mwake.

Katika Kanisa letu, Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye leo tunamheshimu kama Mtakatifu, alikutana na wagonjwa wa UKIMWI mjini San Francisco Septemba 1987, akawakumbatia, na miongoni mwao alikuwapo mtoto mdogo. Wakati huo duniani kote walikuwapo watu waliokataa hata kumpa mgonjwa mkono. Picha ile ilihubiri kuliko nyaraka nyingi. Miaka mitatu baadaye, mwezi Septemba 1990, alipoitembelea Tanzania, aliuzungumzia ugonjwa huo kwa jina lake akiwa Dar es Salaam.

Hapa kwetu hatuna jina moja kubwa la kutaja, nasi hatutalitafuta. Tunalo jambo jingine. Wakati ule Karagwe ilikuwa katika Jimbo la Rulenge, kabla ya Jimbo la Kayanga kuundwa mwaka 2008. Askofu wa Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996 alikuwa Christopher Mwoleka, mtu aliyependa kufundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa kwetu kama kitendawili cha kufumbua, bali kama maisha ya kushirikishana. Yeye mwenyewe aliishi pamoja na wanakijiji wa Ujamaa. Alizisisitiza sana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tangu miaka ambayo wengi waliziona kama jambo la kupita.

Mnajua jinsi jumuiya inavyosali. Haina jengo. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, zamu kwa zamu. Zamu hiyo haikuweza kuiruka nyumba ya mgonjwa bila kila mtu kuona kwamba imerukwa. Basi jumuiya zilizokuwa na moyo ziliingia. Watu waliketi katika chumba kilekile, wakainama mlangoni kwa kuwa mlango ni mfupi, wakasikia kikohozi, wakaona mifupa. Katekista alisoma Injili, na mgonjwa mwenyewe akaombwa aitoe nia ya sala. Mara nyingi nia ile ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa jambo lenyewe kusemwa mbele ya watu: niombeeni, nina ugonjwa huu, watoto wangu nawaacha. Baada ya hapo hapakuwa tena na sababu ya minong'ono. Waliobaki walileta kuni na maji, wakapalilia migomba. Hatudai kwamba kila jumuiya ilifanya hivyo. Zipo zilizopitisha zamu.

Watafiti walirudi. Katika mji wa Bukoba, kutoka 24.2 ya mwaka 1987, walikuta 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Muleba ilishuka kutoka 10 hadi 4.3 mwaka 1999. Karagwe ilishuka kutoka 4.5 hadi 2.6 mwaka huohuo wa 1999. Tuwe wakweli: sehemu ya kushuka huko ni makaburi, kwa kuwa waliokufa hawahesabiwi tena. Lakini hata maambukizo mapya yalipungua, na upungufu ulionekana zaidi kwa wanawake vijana. Sasa angalieni tarehe. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Desemba 1999. Yaani mkoa wetu ulianza kuushinda ugonjwa huu kabla ya dawa, na hata kabla ya tangazo hilo.

Watu waliwezaje? Woga wa kifo ulifanya kazi yake, na wataalamu wa afya walifanya yao. Lakini chombo walichokuwa nacho wote, mganga, mwalimu, katekista na mama aliyeketi na binti yake jikoni, kilikuwa ni neno. Mtakatifu Yakobo anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Hakusema uongo. Ila sisi wa nchi ya baridi ya milimani tunajua pia kwamba bila moto wa mafiga matatu nyumba nzima inalala njaa.

Sheria ya mwaka 2008 imekataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu kwa sababu ya virusi. Lugha nayo imebadilika: zamani tulisema mwathirika, sasa wengi husema mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Huo ni ukweli wa kitabibu ambao makatekista wanaofundisha wachumba wanapaswa kuujua. Hata hivyo bado tunao waamini wanaokwenda kuchukua dawa katika kituo cha mbali ili wasionekane kituo cha karibu. Nauli wanayolipa ni bei ya maneno yetu.

Na mwanzoni mwa mwaka 2023 ugonjwa mwingine usiojulikana uliingia Kagera, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Tarehe 16 Machi tuliambiwa kwamba watu saba wameugua na watano kati yao wamefariki. Siku zile za mwanzo minong'ono ya uchawi ilitembea tena kwa njia zake za zamani, safari hii ikiwa na simu za mkononi. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya alitangaza jina: Marburg. Zilikuwa zimepita siku tano. Wagonjwa wote walikuwa tisa, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kwamba umekwisha. Watatu walipona, wakarudi nyumbani kwao.

Yule wa katika Injili hakurudi mahali. Baada ya kujibu kwa ujasiri kwamba jambo moja analijua, alikuwa kipofu na sasa anaona, wakamtupa nje. Yohane anaandika kwamba Yesu alisikia kuwa wamemtupa nje, akaenda, akamtafuta mpaka akamwona.